Mume Wangu Sostenes

Gazeti la Dar es Salaam hutufikia sisi wa Chang'ombe, Dodoma, likiwa na umri wa siku moja, na limeshasomwa na kondakta wa basi, mke wa kondakta na mshona viatu wa stendi. Hatulalamiki. Hata ndizi ikichelewa njiani hufika imeiva. Ila habari ya Ijumaa ile ya mwaka tisini na sita ilifika imeiva mpaka inatoa maji.

Kijiwe chetu ni taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya jiko la Yasinta, muuza kahawa. Taruma lilitokaje kwenye reli, hilo huwa hatuliulizi. Msomaji wa siku hiyo alikuwa Soko Huria. Jina lake ni Thomas, anauza mitumba, na tangu biashara iachiwe huria anaamini kwamba kila kinachouzwa ni cha kweli, maana kingekuwa cha uongo nani angekinunua.

“Nyamazeni,” alisema, na hakuna aliyekuwa anaongea. “‘Mapenzi ya Siri ya Bi Dorkasi. Riwaya ya kihistoria, sehemu ya nne.’”

Bi Dorkasi Chidawali ni yule mwandishi ambaye sote tulichapwa darasa la sita kwa kutosoma vitabu vyake. Alikuwa mwalimu wa misheni huko Mpwapwa, mjane wa mwinjilisti, baadaye akahamia Dar es Salaam kuandika vitabu, na kwenye picha iliyo nyuma ya kitabu anakutazama kama mtu aliyekukuta umechelewa namba. Alifariki mwaka sabini na moja. Kumfikiria katika mapenzi ni sawa na kumfikiria mkuu wa mkoa akicheza rede.

“‘Sostenes alikuwa barobaro mwenye kifua cha mcheza ngumi,’” Soko Huria akaendelea. “‘Usiku wa mbalamwezi Bi Dorkasi alishika kalamu akamwandikia: Mume wangu Sostenes, huku Dar es Salaam usiku ni mrefu. Nimekukumbuka. Tengeneza mnyororo wa baiskeli yako kabla ya masika, na usilale na njaa.’ Na barua hii ipo, jamani. Wamekuta rasimu yake, mwandiko wake mwenyewe, mwaka sitini na moja.”

Sote tuligeuka tukamtazama fundi wa kuchomelea kutoka Kizota, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa taruma, kikombe kimempoea mkononi. Sisi tunamwita Chomelea. Jina lake hasa ni Sostenes, na Bi Dorkasi ni bibi yake mzaa mama.

“Nilikuwa na miaka sita,” alisema Chomelea.

“Gazeti halijaandika umri,” alisema Soko Huria.

“Alikuwa bibi yangu. Bibi gani asiyemwita mjukuu wake mume wangu? Wewe bibi yako alikuwa anakuitaje?”

“Mume wangu,” Soko Huria alikiri. “Lakini yeye hakuwa mwandishi.”

Hapo akaingia Hansard. Huyu ni Respicius, mtu wa Bukoba aliyekuja Dodoma na vikao vya Bunge. Kazi yake ni kusukuma toroli la makabrasha, ila kwa kukaa karibu na makabrasha amekuwa hataki neno lipotee.

“Waheshimiwa, tuweke kumbukumbu sawa,” alisema. “Babu yangu mimi alikuwa ananiita mume mwenzangu. Nikikalia kigoda chake ananiinua, ananiambia zamu yako ilikuwa jana. Hiyo ni mila ya nchi nzima. Halafu hapa chini, kwa herufi za sisimizi, wameandika ‘visa vimebuniwa’.”

“Kubuni si ndiyo utafiti wa ndani,” alisema Soko Huria.

“Basi huo utafiti wa ndani ulifika kanisani tangu sehemu ya tatu, ile ambayo hapa hatukuipata,” alisema Chomelea.

Akatoa bahasha kwenye ovaroli. Jumapili ile alikuwa asimikwe kuwa mzee wa kanisa, jambo alilolisubiri kwa miaka tisa. Mchungaji, kijana mgeni ambaye hajamaliza hata mwaka mmoja wa vumbi letu, alikuwa amemwandikia afike na maelezo ya kina kuhusu uhusiano wake na marehemu, pamoja na shahidi mmoja asiye ndugu. La sivyo shughuli imesimama.

“Mpelekee cheti cha kuzaliwa,” alisema Hansard.

“Nimepeleka. Anasema kimetolewa mwaka themanini, umri niliutaja mwenyewe. Daftari la ubatizo la miaka ile liliisha na mchwa. Akanitazama hizi mvi, akaniambia, mzee wangu, mwaka sitini na moja ulikuwa kijana kabisa.”

Hatukumlaumu sana mchungaji. Chomelea ana miaka arobaini na moja, lakini moto na moshi vimempa sura ya sitini, na kuna siku watu wazima kumzidi humwamkia.

“Na baiskeli je?” Soko Huria hakuachia. “Mtoto wa miaka sita ana baiskeli yenye mnyororo? Mimi nipo upande wako, kamanda, lakini lisemwalo lipo.”

“Sikuwa na baiskeli. Nilijua bibi anachanganya mambo.”

“Mwandishi hachanganyi.”

“Sawa, hachanganyi. Lakini shahidi ninaye, na yuko hapa hapa.”

Akamgeukia Mzee Iddy. Mzee huyu amestaafu posta. Alisambaza barua Mpwapwa kwa baiskeli miaka ishirini na miwili, na sisi humwita Rejista kwa sababu ukimwambia jambo ni kama umelituma kwa rejista, halidondoki njiani. Kwa kawaida ana neno la kusema hata kwenye matangazo ya vifo. Siku hiyo, tangu gazeti lifunguliwe, alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.

“Mzee, barua zile uliniletea wewe,” alisema Chomelea. “Simama Jumapili, useme tu kwamba ulimkabidhi mtoto.”

“Siwezi.”

“Kwa nini, mzee wangu?”

“Siri ya barua. Tuliapa.”

“Huulizwi kilichomo ndani. Unaulizwa uliyempa alikuwa na urefu gani.”

“Hata urefu ni siri.”

“Kiapo huisha mtu akistaafu,” alisema Hansard. “Hilo liko wazi.”

“Chako kitaisha. Changu hakikupewa barua ya kustaafu.”

“Mwacheni,” alisema Soko Huria. “Mzee ni Mwislamu, anaona tabu kuingia kanisani.”

“Nimeingia makanisa mengi kuliko wewe, na wewe umebatizwa. Hakuna watu wanaopata barua kama wachungaji.”

Chomelea aliweka kikombe chini. “Mzee, miaka tisa,” alisema. “Mama alikufa akisema ipo siku mtu wa nyumba ya Dorkasi atakaa tena mbele pale. Sasa nitasimama mbele ya watu niulizwe kama nilikuwa hawara wa bibi yangu mwenyewe. Bibi aliyenifundisha kunawa mikono. Nakuomba.”

Tukatazama vikombe vyetu, kwa sababu mtu anayeshinda ameshika moto hatukuzoea kumwona akiomba, na kwa kweli ilituuma.

Yasinta alikuwa anapepea mkaa. Akaacha kupepea.

“Mimi nauliza kitu kimoja,” alisema. “Chomelea, mwaka huo ulikuwa unajua kusoma?”

“Kusoma wapi? Shule nilianza na miaka tisa. Hata a nilikuwa siijui.”

“Nyumbani ulikuwa unakaa na nani?”

“Mama alikuwa kazini Kongwa. Nilikaa na bibi mdogo, mdogo wake bibi. Macho yake yalikuwa hayaoni tena.”

“Mtoto hajui kusoma, bibi mdogo haoni. Sasa hizo barua alikuwa anasoma nani?”

Chomelea alifungua mdomo ajibu haraka, kama mtu anayejua jibu. Kisha akaufunga. Akaufungua tena, safari hii taratibu.

“Mzee hapa,” alisema. “Alikuwa anaegemeza baiskeli ukutani, ananiketisha kwenye jiwe, ananisomea. Anasoma mara mbili, ili nisisahau.”

“Na majibu?”

“Aliandika yeye. Mimi nilikuwa nasema, mwambie bibi mbuzi mweupe amezaa. Yeye anaandika mpaka karatasi inageuzwa.”

“Alizaa mapacha,” alisema Mzee Iddy.

Soko Huria alitazama ukuta wa duka la jirani, ambako baiskeli ya mzee ilikuwa imeegemezwa kama kila siku, kuukuu kupita wengi wetu, mnyororo umepakwa mafuta unang'aa. Akalikunja gazeti.

“Mnyororo,” alisema.

“Niliutengeneza,” alisema Mzee Iddy. “Kabla ya masika.”

“Na Bi Dorkasi alijua kwamba mtoto hajui kusoma,” alisema Yasinta.

“Yeye si ndiye alikuwa mwalimu.”

Mzee alivua kofia yake ya vitambaa, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, akaivaa tena. Mzee Iddy si mtu wa maneno mengi kuhusu nafsi yake. Nadhani siku hiyo alitumia ya miaka mitano.

“Yeye mwalimu wa misheni, mjane wa mwinjilisti,” alisema. “Mimi Iddy wa posta. Angeniandikia kwa jina langu, Mpwapwa nzima ingejua kabla stempu haijakauka. Akatafuta mtu ambaye mwanamke anaruhusiwa kumwita mume wangu na asiulizwe na yeyote. Nilimpenda sana yule mama. Na neno hilo sikuwahi kulisikia kwa mdomo wake hata siku moja. Nilikuwa najisomea mwenyewe, mbele ya mtoto anayemumunya ubuyu.”

“Kwa hiyo gazeti limesema kweli,” alisema Soko Huria, kwa sauti ya chini.

“Limebuni,” alisema Hansard.

“Ndiyo ninavyosema. Utafiti wa ndani.”

Chomelea alikuwa anatazama mikono yake. Ana makovu madogo madogo ya cheche, na alikuwa anayapitia moja moja kwa kidole.

“Mimi zile barua zilinilea,” alisema. “Nikichapwa nilikuwa najiambia, nina mke Dar es Salaam. Kumbe hazikuwa zangu.”

“Za mbuzi zilikuwa zako,” alisema Mzee Iddy. “Za kunawa mikono zilikuwa zako. Na ile ya usilale na njaa ilikuwa yetu wote wawili. Ndiyo maana nilikuwa nakuletea mkate.”

“Nilidhani mkate unatolewa na posta.”

“Posta haijawahi kutoa mkate.”

Yasinta alimjazia mzee kahawa bila kuombwa. Mzee akainywa yote ya moto, akasimama.

“Jumapili ibada saa ngapi?”

“Saa tatu,” alisema Chomelea. “Lakini mzee, fikiria kwanza. Ukisema nilikuwa mtoto, hata kule hakosekani mama wa kuuliza, kama alivyouliza Yasinta, nani alikuwa anasoma.”

“Aulize. Siku ya mazishi nilisimama nyuma kabisa na wafanyakazi wenzangu. Nikatia saini daftari la rambirambi kwa niaba ya ofisi. Miaka ishirini na tano nimekuwa ofisi. Nimechoka.”

Akaenda kuichukua baiskeli yake ukutani. Chomelea naye akainuka, akamfuata, akasimama mbele ya gurudumu kama mtu anayetaka kuzuia njia. Miaka yote anamwamkia shikamoo mzee, na asubuhi hiyo alikuwa ameshamwamkia. Akajipangusa mkono kwenye ovaroli, pande zote mbili, akaunyosha.

“Shikamoo, babu.”

Hansard alikohoa. “Mchungaji amesema shahidi asiwe ndugu,” alisema.

Mzee Iddy aliushika ule mkono wa makovu, akakaa nao kidogo.

“Marahaba, mume mwenzangu,” alisema. Kisha akapanda baiskeli akaenda zake, na mnyororo haukulia.