Bei ya Wanaoondoka

Jumatatu Castory hakufanya kazi, alisikiliza. Alichukua meza ya ukutani katika mgahawa mmoja pale stendi ya Kasulu, akaagiza chai ya maziwa na maandazi mawili, kisha akawategea sikio abiria waliosubiri mabasi ya Kigoma na Kibondo. Mtu anayesubiri basi ana mdomo mwepesi. Anataja shamba alilouza, ugonjwa wa mjomba wake na mahali anapoficha ufunguo. Castory alikuwa ameishi miaka kumi na mitano kwa habari za namna hiyo, na tusimwonee: hakuwahi kumnyang'anya mtu kitu. Watu walimpa wenyewe, wakamshukuru, na baadaye wakamtafuta.

Jumatatu hiyo, katika mwezi wa tano, meza ya jirani walikaa wanawake wawili. Mmoja alivaa kitenge cha njano na alizungumza kwa sauti ya kutosha watu wote.

"Sisi kule Makere mabegi yako mlangoni," alisema.

"Mabegi ya nini?"

"Ya kuondokea. Bwana akija asubuhi, tunaondoka asubuhi. Hakuna wa kumwambia angoje atafute viatu."

"Na mbuzi je?"

"Mbuzi hanyakuliwi, dada. Tutawaacha."

"Wako wengi?"

"Yoo! Nani anahesabu kitu cha kuacha?"

Castory aliliweka andazi chini. Hakuwa mtu wa kuacha andazi.

Alikuwa na sababu. Zamani, kambi moja ya wakimbizi ilipofungwa, alisimama siku tano pembeni ya malori ya kuwarudisha watu kwao. Aliokota milango, masufuria na baiskeli kwa bei aliyoibatiza bei ya wanaoondoka, yaani chochote ulicho nacho mfukoni. Siku ya mwisho alimkuta mwanamke aliyekwisha kutia mguu mmoja ndani ya lori, na kamba ya ng'ombe mkononi. Castory akampa redio. Ilikuwa redio kubwa ya rangi ya fedha, nzuri sana kwa nje. Ndani haikuwa na kitu ila jiwe lililoviringishwa kwa kitambaa, ili iwe na uzito wa redio. Mwanamke akapanda na redio yake, Castory akabaki na ng'ombe, jike jekundu aitwaye Bihogo.

Ng'ombe wengine wote aliowapata kwa ujanja aliwauza na kuwala. Kwa Bihogo alishindwa. Alimpeleka Gwarama kwa mjomba wake Nduwayezu amfugie, naye akazaa, na mabinti zake wakazaa, mpaka wakawa saba. Mjini Kasulu Castory aliitwa majina mengi ambayo hatutayaandika. Gwarama, alipoteremka kwenye pikipiki kila mwisho wa mwezi, watoto walimkimbilia wakimwita Mwenye Ng'ombe. Alikuwa anakaa juu ya gogo, anawatazama wale saba wakicheua, na kwa saa nzima hamdanganyi mtu yeyote. Hakuna kitu alichokipenda duniani kama saa hiyo.

Jumapili iliyofuata aliingia kanisani Makere akiwa Mwinjilisti. Alivaa suti ya kijivu na kukumbatia Biblia iliyochakaa kwa matumizi ya mtu mwingine. Katekista Leonidasi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, akampa mgeni nafasi ya kusalimia.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Ameni!"

"Wapendwa, nimeoneshwa ndotoni. Bwana anakuja mwezi wa saba."

Leonidasi akasimama taratibu.

"Mtumishi, tumefundishwa kwamba siku na saa hakuna anayejua."

"Ni kweli kabisa, Katekista. Siku sijui. Saa sijui." Castory akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Mwezi haukukatazwa."

Watu walitafuta kosa katika maneno hayo, wakalikosa. Leonidasi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akakaa.

Castory akaendelea kwa upole. Mifugo itabaki bila mchungaji, jambo la kusikitisha. Kwa bahati alikuwa anamfahamu ndugu Bazilio, mwenye Fuso, mtu ambaye kwa maisha yake alikuwa na uhakika wa kutonyakuliwa, na ambaye angekubali kuwaondolea mzigo huo kwa bei ya safari.

Mwanamke wa makamo katika benchi la mbele akainua mkono. Aliitwa Immakulata, kiongozi wa kina mama, aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka na kuolewa na Muha wa hapo.

"Hela hizo tutakwenda nazo wapi, Mwinjilisti?"

Castory hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Mtatoa sadaka."

"Tumpe nani?"

"Iwe kwa ajili ya watakaobaki."

"Ni vizuri kuwakumbuka," alisema Immakulata, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Basi tutauza. Ila hapa kwetu mtu hafungi safari kabla ya kutengeneza. Na aliyeleta habari ndiye anayeanza."

Walokole wa nyanda zile wanalijua jambo hili tangu kwa bibi zao. Kutengeneza ni kusimama mbele ya ushirika, kutaja ulichokichukua kwa hila, na kukirudisha. Ungamo likiwa limetoka moyoni, kina mama wanaanzisha wimbo. Likiwa limetoka mdomoni tu, hakuna anayesema neno. Unasimama pale, kama mtu aliyeachwa na basi.

Jumatano mchana kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nje, chini ya jua, Bazilio alikuwa ameegesha Fuso yake tupu na anachokonoa meno. Castory alisimama mbele bila wasiwasi. Dhambi ndogondogo alikuwa nazo za kutosha.

"Nilipokuwa mdogo," alianza, "niliiba sukari ya bibi."

Hakuna aliyeimba.

"Nilimchukulia jirani jembe, na kuku wawili."

Mtoto mchanga alipiga chafya mahali fulani.

"Niliuza mbolea." Akapunguza sauti. "Nusu yake mchanga."

Wanaume wawili walikohoa, labda walikuwa wateja. Wimbo haukuanza. Immakulata akasema kwa huruma, "Endelea, baba. Bado kuna kitu kimekukaa kooni."

Castory alichungulia dirishani. Katika mawazo yake aliwaona mbuzi wa Makere, ambao hata hawajapakiwa, wakishuka tena kutoka kwenye Fuso mmoja mmoja. Fundi hodari akibanwa hutoa kifaa chake bora, na Castory, baada ya kupekua uongo wake wote, aligundua kwamba hadithi bora aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli. Tena ilikuwa salama. Mwanamke wa lori alikuwa amekwenda zake miaka mingi.

Basi akaisimulia yote. Akaeleza malori, vumbi, mguu mmoja juu na mmoja chini. Akaeleza redio, jiwe na kitambaa. Akamtaja Bihogo kwa jina. Machozi aliyoyatoa yalikuwa ya kazi, lakini katikati yake yalimponyoka mawili matatu ambayo hakuyaagiza. Na kwa kuwa msanii hajui kuacha, akainua mikono juu.

"Ningemwona mama yule leo, ningemrudishia Bihogo na uzao wake wote, mpaka ndama wa mwisho!"

Wimbo ukalipuka. Ngoma ikaingia. Castory alijifuta uso, ameridhika, na hapo ndipo alipomwona Immakulata akitoka nje kwa haraka. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu. Alirudi na begi, lile la mlangoni. Akatoa Biblia, kitenge na sufuria dogo, akaviweka mezani kwa mpangilio. Mwisho akatoa redio kubwa ya rangi ya fedha.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema mtu.

Immakulata akafungua mgongo wa redio, akalitoa jiwe likiwa bado na kitambaa chake. "Ego, ndiyo, ni mimi," alisema. "Nililibeba mpaka ng'ambo. Niliporudi huku kwa mguu, nililibeba tena. Bwana asifiwe, ndugu yangu, umetengeneza."

Kanisa zima likaja kumkumbatia. Alikumbatiwa na watu mia mbili, na kila aliyemkumbatia aliuliza wako wangapi.

Msomaji atasema Castory angekimbia. Akili yake ilikimbia kweli, lakini ilikimbilia faida. Ng'ombe saba kwa imani ya kijiji kizima! Wakishamwona amewatoa wake, nani atamkatalia mbuzi? Na hao saba nao, wiki moja baadaye, atawanunua kwa Immakulata kwa bei ya safari. Alitafuta tundu katika mpango huo, hakuliona. Akatabasamu, akamwita Bazilio, wakaondoka na Fuso kwenda Gwarama.

Kule mjomba Nduwayezu hakuuliza kitu. Alivua kofia tu. Watoto walisimama kwa mbali, na safari hii hawakumwita kwa jina lolote. Castory alimpandisha Bihogo mwenyewe, taratibu, maana alikuwa amezeeka na magoti yalimsumbua. Alimshika paji la uso akamwambia ni wiki moja tu. Ilimuuma, na alishangaa kwamba inauma kiasi kile.

Jumamosi, Makere, mtendaji wa kijiji aliandika karatasi ya makabidhiano. Castory akatia saini, Immakulata akaweka dole gumba, mashahidi wanne wakafuata, na muhuri ukagongwa mara mbili, kwa sababu wa kwanza ulififia. Ng'ombe wakaingizwa zizini. Castory akapiga makofi ya kuanza kazi.

"Haya, wapendwa! Sasa tulete mifugo. Mwezi wa saba hauko mbali."

Hakuna aliyeondoka alipokaa.

"Mifugo ya nini?" aliuliza Immakulata.

"Ya kuuza, mama! Bwana si anakuja?"

"Anakuja. Atatukuta tunakamua."

"Lakini ulisema mtauza!"

"Nilisema." Immakulata akageukia ushirika. "Nilimwambia mtu neno ambalo halikuwa kweli, naomba nitengeneze hapohapo." Wimbo ukaanza kabla hajamaliza sentensi.

Ulipoisha alimvuta Castory pembeni ya zizi. Hakuonekana kufurahia wala kukasirika.

"Mimi niliwahi kuuza kila kitu siku moja kwa sababu nilikuwa naondoka," alisema. "Begi langu liko mlangoni, na Bwana akija leo sitamwambia angoje. Lakini huyo ana namna yake ya kutuchukua, baba. Hahitaji Fuso. Anayekuja kukununua ukiwa mguu mmoja ndani ya lori hakutumwa naye."

Castory alitazama karatasi yenye mihuri miwili. "Ulinijua lini?"

"Mwaka juzi, pale stendi. Ningekudai ungenishinda kwa maneno, na wewe maneno unayo. Nikasema, basi ayaseme mwenyewe." Akaita kwa sauti. "Ndayikeza! Njoo umsalimie Mwinjilisti."

Mwanamke mwenye kitenge cha njano alijitokeza nyuma ya zizi.

"Mwakeye, baba," alisema. "Jumatatu nne nimekunywa chai pale nikisema maneno yaleyale, ndiyo ukasikia. Maandazi yao yana mafuta mno."

Castory alikaa chini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi aliuliza swali ambalo hakujua jibu lake.

"Kwa hiyo hamngoji? Mabegi yote yale ni danganya toto?"

"Tunangoja kweli," alisema Immakulata. "Ndiyo maana nilitaka utengeneze mapema." Akamwekea redio mapajani. "Chukua chako. Jiwe niachie, nimelizoea, linanishikia mlango."

Aliondoka na redio ile kwapani, nyepesi kama kapu tupu. Nyuma yake Bihogo alilia mara moja, kisha akakuta majani.

Mwezi wa saba ulifika kama inavyofika miezi mingine, kwa vumbi na upepo. Makere walivuna maharage yao na kuyaanika. Kasulu, katika chumba cha kupanga nyuma ya soko, kulikuwa na mtu mmoja asiyepata usingizi. Castory alijua kwamba mwezi ule aliutunga mwenyewe kati ya Jumatatu na Jumapili. Alijua hata ni kwa nini aliuchagua: mbuzi wanapanda bei. Ila kadiri siku zilivyokwenda alikumbuka kwamba hadithi bora kuliko zote alizosimulia ilikuwa ya kweli, mama wa lori akiwa palepale bila yeye kujua; huenda na hii ya mwezi wa saba nayo ni ya kweli. Basi kila honi ya basi alfajiri ilimketisha kitandani. Alianza kukumbuka nyuso za watu wa mbolea. Tarehe ishirini, kwa aibu, alifunga begi, akaliweka mlangoni, na viatu juu yake.

Tarehe thelathini na moja asubuhi Bazilio alipita kumsalimia. Alisimama kizingitini, akaliona begi, akaviona viatu. Macho yake yakatembea polepole juu ya pikipiki, godoro, kabati la nguo na redio ya rangi ya fedha iliyokuwa dirishani.

"Kumbe unaondoka, kaka," alisema kwa sauti ya huruma ambayo Castory aliitambua mara moja, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha. "Sasa na kitanda hiki, unamwachia nani?"