Kamba ya Andes Ilivyoonekana Kutoka Kitini Pangu

Jumatatu, 13 Januari 2025
Shahada ya Historia, daraja la kwanza. Kazi: mlinzi wa makumbusho, kiti cha plastiki, kona ya pili. Leo limetoka tangazo: anatafutwa msaidizi wa hifadhi ya vitu vya kale. Mwisho wa maombi Alhamisi. Nafasi hiyo ni yangu. Imebaki kumjulisha Madam Aseel, mkuu wa hifadhi.

Jumanne, 14 Januari
Nimepata njia. Kwenye sanduku la kioo lililo mbele yangu kuna kipande cha kamba ya pamba kutoka Andes, cha miaka elfu nne. Lebo inasema imesokotwa kuelekea kushoto. Mimi naona kulia. Nimeandika barua ya marekebisho, kurasa tatu, nakala kwa mkurugenzi.
Nimemsomea Milly, Mganda anayesafisha ukumbi wetu. Akauliza: Profesa, kamba yenyewe umeisogelea? Nikamweleza kwa upole kwamba kanuni zinamkataza mlinzi kuacha kona yake.

Jumatano, 15 Januari
Madam Aseel ameshuka mwenyewe, barua mkononi. Akaniomba nimwonyeshe kosa. Nikaonyesha kwa kidole, nimeketi.
Milly akacheka mpaka akaangusha kitambaa. Akasema maskini Profesa haoni kamba. Kutoka pale anaona taswira ya kamba kwenye kioo cha kujitazamia kilichowekwa nyuma ya kamba hiyo, na kioo hugeuza kila kitu. Yeye Milly husuka nywele za watu mtaani Al Mankhool, msokoto haumpotezi. Akachukua uzi, akausokota viganjani kama wa Andes. Madam akamwuliza maswali mengi. Mimi nikaambiwa khalas, basi, barua moja inatosha.

Alhamisi, 16 Januari
Milly anadai nafasi ile ni ya wasomi. Nimemwandikia maombi mwenyewe, kwa mkakati: akiitwa, atanitaja. Kwa bahati mbaya barua yake imetoka nzuri kuliko yangu. Nilishindwa kuiharibu. Nimezipeleka zote mbili.

Jumatatu, 20 Januari
Amechukuliwa Milly. Amenitaja kweli: amemwambia Madam kwamba bila Profesa asingethubutu kuomba, kisha akaomba kiti changu kisogezwe. Nikalazimika kukagua dari kwa muda, macho yakiwa na unyevu.
Sasa naona kila kitu waziwazi. Mathalani, lebo ya chungu kwenye sanduku la jirani inadai kina masikio mawili. Kutoka hapa naliona moja tu. Nimeanza barua. Nadhani itafika kurasa nne.