Pipa ya Bluu kwa Mama Mado

Siku ya kwanza, tarehe 6 mwezi wa kumi

Mimi Chomba njo directeur wa ile shimo yote ya takataka ya sumu ku barabara ya Kinsevere. Bila mimi, ata tone moja ya asidi haiingie.

Bon. Hii kaye yangu ya kuandikia hakuna muntu anaisoma, niseme ya kweli. Naikalaka ku mulango. Camion, gari ya takataka, inakuja, nafungua. Inaingia, nafunga. Na pipa tupu naitoboa na piki, ile sululu yangu, juu muntu asiichukue akaweka mayi ya kunywa. Pipa inalia pwaa! Mi nasikia raha sawa mutoto.

Lakini moja sikuitoboa. Ya bluu, na kifuniko yake. Nilifikiria Mado. Mado ni jirani yangu, mujane. Munkoyo, ile kinywaji chachu ya mahindi na mizizi, sawa ya kwake haiko Lubumbashi muzima. Siku ya posho, njo jumamosi, bakwe banakuja kutoa mahari ya mutoto yake Dorine. Munkoyo ya bantu bote ataweka wapi? Ndani ya birika? Nikasafisha pipa na omo, nikamupelekea. Akasema: Papa Chomba, wewe tu njo unanifikiriaka.

Na alisema mbele ya Mbuyi! Mbuyi ni mwalimu wa zamani, muntu wa Kasai, kravati ata siku ya kufua nguo. Yeye alimuletea maua. Ya plastiki. Haya, achachushe munkoyo ndani ya maua.

Siku ya pili, tarehe 7

Patron wetu, Monsieur Stéphane, anatetemeka. Kampuni ya shaba, ile inatuletea takataka yake, inatuma muntu wa odit. Nikauliza odit njo nini. Akasema banakuja kuangalia kama tunazika sawa tulivyoahidi. Nikasema inabahusu nini? Takataka balishatupatia, iko yetu. Akasema mi sielewe kitu. Jina yao iko kwa kila pipa. Muntu akigonjwa, kisima ikiharibika, bantu banafuata jina, habafuate shimo. Kampuni inaogopa, njo inatuma macho.

Jina kwa kila pipa! Na ile karatasi ya kampuni sikuibandua. Niliona inapamba.

Mupango: rangi. Kulibakia rangi ya kijani ya mulango. Nikaenda kwa Mado, nikamwambia siku hizi kwa mahari kila kitu banapakaa kijani, ata Kinshasa. Akasema anapenda bluu. Nikasema bluu inaita mvua. Akaniangalia mulefu. Nyuma akanipatia muhogo wa kuchoma na karanga, akasema pengine ni njaa.

Ilikuwa njaa pia. Lakini haikuwa njaa tu.

Siku ya tatu, tarehe 8

Muntu wa odit alifika. Madame Christiane. Viatu ya botte, kofia ngumu, na hakuenda kunywa kahawa ya patron! Alianzia kwangu, ku mulango. Alichagua camion moja, akaifuata kwa miguu mpaka shimo. Nyuma akaomba kuona pipa tupu. Nilikuwa nimepanga zile za kutobolewa muzuri mbele mbele. Akaingiza kidole ndani ya tundu yangu, akasema: kazi muzuri, Papa. Kifua ikanivimba.

Akauliza kama zote natoboa. Nikasema zote. Sikumeza ata mate.

Njo akasema siku ya posho atatembea ndani ya quartier yetu, lupango kwa lupango, kila kiwanja ya nyumba. Odit yake haiishie ku ukuta. Pipa inayopotea, akasema, anaikutaka kwa jiko ya bantu.

Nikamuuliza, mi mujanja: na kama muntu fulani aliisafisha na omo, muzuri kabisa? Akasema omo haisaidie. Ile dawa ya kutenganisha shaba na mawe inaingia ndani ya plastiki yenyewe. Ukiweka kitu chachu, inaivuta inje. Inaanza na tumbo, inamaliza na maini.

Kitu chachu.

Bukari ya muchana sikuigusa.

Siku ya ine, tarehe 9

Nilienda kwa Mado asubuhi, nikamwambia pipa iko na ufa. Akaigeuza, akaipiga ngumi, akasema labda ufa iko kwa macho yangu. Nikasema nitamuletea ingine kubwa zaidi. Akasema hii inamutosha, juu nilimuletea na mukono yangu. Mizizi ya munkoyo alishaiponda. Uji ulikuwa ku moto.

Naandika hapa kitu sitaki kumwambia muntu. Toka bibi yangu wa ndoa Adolphine alikufa, hakuna muntu aliniambia namufikiria. Ni Mado wa kwanza. Sasa nimwambie nini? Nimwambie kufikiria kwangu ni sumu?

Nitatafuta njia ingine. Niko na akili mingi.

Siku ya tano, tarehe 10

Akili mingi! Mado alienda soko. Nikaingia lupango yake na piki. Pwaa moja tu, munkoyo imwangike, nitasema ni mbuzi. Nikakuta Mbuyi. Kwa kiti, kando ya pipa, na kravati! Mado alimuacha alinde munkoyo. Akaniuliza piki ni ya nini. Nikasema kuku ya Mado ilikufa, nakuja kuizika. Kuku ikapita katikati yetu, inakula.

Mbuyi akasema, na ile Français yake ya ubaoni, nina wivu juu kesho yeye njo atakunywa kopo ya kwanza. Heshima Mado alimupatia.

Siku ya posho, tarehe 11

Nitaandika upesi.

Bakwe balifika, viatu vinang'aa. Dorine, muzuri sana, macho chini. Mado akafungua pipa, akachota, akapatia Mbuyi kopo kwa mikono mbili. Nikaangalia Mbuyi. Nikafikiria kidogo. Kidogo sana! Mungu alinisamehe mbele nimalize kufikiria.

Nikapiga ile kopo. Ikaruka mpaka kwa kofia ya mujomba wa bwana-arusi. Bantu bakalia. Nikachukua piki nyuma ya choo, pale nilikuwa nimeificha, nikatoboa pipa ku tumbo. Munkoyo yote ku udongo, ku viatu ya bakwe. Mado akapiga kelele: Chomba! Bila Papa. Chomba tu.

Nikasema kila kitu. Nilitoa pipa wapi, nini ilikuwa ndani, nini Madame aliniambia. Nikasema nilinyamaza juu alinishukuru muzuri sana.

Njo Madame Christiane akatokea ku mulango wa lupango. Akasoma karatasi ya pipa. Akauliza mara moja nani alikunywa. Hakuna. Akafunga macho, akapumua. Nyuma akatukatalia kukanyaga pale, akaita bantu ya kazi batoe udongo ule. Ataandika kama shimo yetu inaangaliwa na muzee mumoja na piki, na ile haitoshi. Sasa pipa itapondwa na machine, saa ile ile inapotoka ku camion, na bantu babili banaangalia. Piki yangu ilienda ndani ya gari yake.

Mujomba wa bwana-arusi akapanguza kofia. Akasema nyumba inayomwanga sumu mbele ya bageni, haibapatie bakunywe kimya kimya, ni nyumba ya kuolea. Mahari ikaendelea. Bakakunywa Fanta.

Mado hakuniangalia.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Mado alikuja na bukari na sombe. Hakucheka. Akaweka sahani, akasema mi ni muzee mupumbafu. Akasema kama ningenyamaza, leo angezika mutoto. Nikasema ndiyo. Akasema tena: mupumbafu. Nikasema ndiyo. Nyuma akaikala kando yangu. Akaikala mpaka nikamaliza kula, na nilikula polepole sana.

Nilijifunza. Pipa, hapana tena! Kabisa.

Lakini mawingu inakusanyika, na Mado alisema nyumba yake inavuja juu ya kitanda. Na kule ku kazi kuko ile plastiki nyeusi, nguvu, balitoa juu ya shimo ya zamani. Inalala bure. Plastiki haiko pipa. Nitaianika, jua itaisafisha.

Kesho nitapitia kwa Mbuyi, nitamwambia hivi: Mbuyi, ndugu yangu, lile tumbo unavalisha kravati, ni mimi nililiacha zima. Siombe kitu mingi. Nikopeshe kinga yako, ile baiskeli ya kiti kubwa nyuma, kwa asubuhi moja tu. Na usiulize ya nini.