Makato ya Benki na Miwani ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Nimekwenda kwenye mashine ya benki kutoa elfu tisa za miwani ya mke wangu. Salio likatokea na kistari mbele. Nikadhani ni uchafu. Nikatoa leso, nikafuta kioo. Kistari kikabaki pale pale. Mtu wa nyuma yangu akaniambia mzee, hicho hakifutiki, hiyo ni hasi.

Hasi! Mimi! Fundi wa kukarabati cherehani, miaka ishirini na miwili kazini!

Dada wa dirishani alinieleza kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza. Mwishoni mwa mwaka jana nilinunua vichwa vinne vya cherehani chakavu kwa bei ya kutupa (biashara ya akili, nitaieleza siku nyingine). Nikapitiliza salio kwa mia saba. Benki ikanilipia hizo mia saba bila kuombwa, kisha ikanipiga faini elfu tatu. Faini ikanizamisha zaidi. Nikapigwa faini nyingine kwa kuzama. Mara nne! Elfu kumi na mbili! Kila nilichoweka cha miwani kilimezwa kabla hakijapoa.

Akauliza kama sikupata barua. Nilipata. Tatu ziko chini ya mguu wa meza yangu ya kazi, ule unaoyumba. Bahasha za benki huwa matangazo, nani asiyejua?

Mke wangu nimemwambia fundi wa miwani amesafiri.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika barua ya malalamiko. Kurasa sita. Nimewapa saa ishirini na nne. Chini nimeandika: Nakala kwa wahusika wote. Wahusika ni akina nani sijui, lakini watatetemeka.

Ijumaa, 14 Machi

Hawajatetemeka. Jibu limekuja, mistari miwili: tumepokea, tunalifanyia kazi. Na wamenikata mia mbili za barua hiyo! Yaani wananitukana kwa gharama yangu!

Nyumbani nako moto. Mke wangu ni mwalimu, na mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata mimi. Siku hizi anasahihisha madaftari ameyashika mbali kama mtu anayeshika samaki aliyeoza. Wiki hii amempa mtoto mmoja themanini badala ya thelathini. Baba wa mtoto amekuja shuleni kushukuru, kamshika mkono huku machozi yanamlengalenga. Mwalimu hakuwa na moyo wa kumwambia.

Nilipokuwa bado nacheka, akaniuliza taratibu fundi wa miwani amesafiri kwenda wapi. Nikasema mbali. Akasema basi amerudi haraka, maana leo wamesalimiana, na amesema hajatoka mji huu miaka sita.

Nikamwambia yote. Mia saba, faini, barua chini ya meza. Nilitegemea kelele. Akasema, "Fundi, siku nyingine ukitaka kudanganya, tafuta mtu ambaye duka lake haliko njia yangu ya kwenda kazini."

Akacheka. Mimi sikuweza. Ni kweli, njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata kona ya kwanza.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kumkabili meneja wa tawi. Suti ya harusi, kifungo kimoja hakifungi. Hotuba kichwani, tayari kama risasi.

Meneja akasimama kunipokea. Akanipa kiti chenye mto. Akaniuliza mgongo unaendeleaje, maana aliona nilivyokaa. Hakuna mtu aliyeniuliza habari za mgongo wangu tangu mwaka juzi! Nikamweleza. Akaniletea maji ya baridi. Tukaongea vizuri sana.

Nimetoka baada ya nusu saa na kalenda ya ukutani na akaunti mpya ya Akiba ya Malengo. Mwalimu akauliza malengo gani. Nikasema yatajulikana. Akauliza na zile elfu kumi na mbili? Nikakumbuka kwamba sikuzitaja.

Jumamosi, 22 Machi

Shemeji amekuja. Huyu ni kaka yake Mwalimu, karani mstaafu wa mahakama. Tunamwita Muhuri kwa sababu amegonga mihuri miaka thelathini, na hata akikubali jambo hupiga meza ngumi, pa! Ameshasikia kila kitu. Dada yake hafichi kitu kwake.

Akaniambia, "Shemeji, benki haiogopi kelele. Inaogopa karatasi." Akataka kuona mkataba niliotia sahihi siku ya kufungua akaunti. Nikamwambia asante, mambo yangu nayamudu. Akapiga meza pa! na kumaliza chai yangu.

Nakwenda mahakama ya madai madogo mwenyewe. Bila Muhuri.

Jumanne, 25 Machi

Karani wa masijala amenirudishia hati ya madai. Nilikuwa nimemshtaki pia dada wa dirishani kwa upole uliopitiliza. Akasema sheria hiyo haipo.

Jumatano, 26 Machi

Amenirudishia tena. Nilidai milioni mbili za kuvunjika moyo. Akauliza kama nina cheti cha daktari wa moyo.

Alhamisi, 27 Machi

Tena! Safari hii ni wino wa kijani. Nilitaka ipendeze.

Mwalimu amenikuta nimekaa juu ya kichwa cha cherehani chakavu, nimeshika tama. Akachukua lenzi ninayotumia kuangalia meno ya gia, akaenda kulitoa sanduku la nyaraka chini ya kitanda, akauchambua mkataba alasiri nzima, neno kwa neno, jicho moja limefumbwa. Mwishoni akaniita. Kifungu cha kumi na saba, herufi ndogo kama mayai ya chawa: faini isizidi kiasi kilichopitilizwa, na barua kwa mteja ni bure.

Mia saba! Haki yao ilikuwa mia saba tu! Elfu kumi na moja na mia tano ni zetu!

Nikambusu kwenye paji la uso. Akasema macho yanamuuma, tena sana. Furaha ikaniishia. Nikavaa viatu, nikaenda kwa Muhuri.

Ijumaa, 28 Machi

Muhuri ameandika ukurasa mmoja. Mmoja! Karani alipomwona akasimama, akamwita "mkuu", akagonga muhuri bila hata kusoma. Imeniuma. Njiani Muhuri hakujisifu hata kidogo, na hilo limeniuma zaidi. Nimemnunulia soda. Ndogo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mahakamani! Chumba kidogo, feni inayolia kama cherehani isiyo na mafuta, benchi limejaa. Mwalimu kaomba ruhusa shuleni, kakaa nyuma na kaka yake.

Kabla hatujaanza, wakili wa benki, binti mdogo mwenye begi kubwa, akanifuata ukumbini. Akasema benki imesoma kifungu cha kumi na saba, inarudisha yote pamoja na gharama za kesi, nitie sahihi hapa. Nikamwambia haiwezekani. Nimeandaa hotuba ya kurasa kumi na moja.

Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akaniuliza nataka nini. Nikasema haki. Akauliza haki hiyo ni kiasi gani. Nikamtajia. Akasema, "Mbona wanakupa yote?"

Nikasema, "Najua, mheshimiwa. Lakini bado sijaanza."

Benchi zima likacheka. Hakimu akanipa dakika tatu. Nikaanza na utoto wangu. Dakika ya pili nikafika kwenye vile vichwa vinne, nikaeleza nilivyomzidi akili muuzaji kwa kumlipa huku nikijua kabisa akaunti haina pesa za kutosha.

Hakimu akavua miwani. Wakili wa benki akaanza kurudisha ile karatasi kwenye begi, polepole. Hakimu akauliza, "Ulijua?"

Nikafungua mdomo. Nyuma yangu sauti ikasema, "Mheshimiwa, tunapokea."

Mwalimu alikuwa amesimama. Hakimu akamuuliza yeye ni nani katika kesi hii.

"Mimi ndiye mwenye macho."

Muhuri akapiga benchi pa! Hakimu akainamisha kichwa, nadhani alikuwa anacheka. Nikatia sahihi. Kurasa tisa za hotuba hazikusomwa. Ni hasara kwa taifa.

Jumatano, 16 Aprili

Pesa zimeingia. Miwani imepatikana leo leo. Mwalimu kaivaa palepale dukani, kanitazama kwa muda mrefu, toka kichwani mpaka viatuni.

"Kumbe umezeeka hivi!"

Nikasema naye pia. Akanitoa uzi uliokuwa kwenye kola ya shati langu, labda ulikuwapo tangu mwaka jana. Tukarudi kwa miguu, yeye akisoma kila kibao cha duka kwa sauti, mpaka bei za misumari. Sijawahi kusikia bei za misumari zikinoga vile.

Jumanne, 22 Aprili

Habari zimeenea! Watu watatu wamekuja karakana na barua za benki zao. Nimeona mwanga. Cherehani ni kazi ya mikono. Madai ni kazi ya kichwa. Nafungua Ofisi ya Ushauri wa Madai. Nimeagiza kibao cha mita mbili na muhuri mkubwa kuliko wowote aliowahi kushika shemeji. Kwenye akaunti imebaki mia sita, kibao ni elfu nne. Si tatizo. Wateja watalipa wiki ijayo, na benki ina mpango mpya wa kumlipia mteja kwanza.

Nilipofika benki, dada wa dirishani akanisukumia karatasi, akanishauri nisome kabla ya kutia sahihi. Nikamcheka. Nikamwambia dada, mtu aliyeishinda benki mahakamani hasomi masharti. Masharti ndiyo yanamsoma yeye.

Nimesaini kote. Hata sehemu iliyoandikwa "kwa matumizi ya ofisi tu".