Chai ya Zambarau kwa Wakwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Mutuini, Nairobi.
Leo natimiza miaka arobaini na mitatu tangu nitoke Maragoli na sanduku la mbao na kamusi moja. Ishirini na tisa kati ya hiyo nilikuwa mkutubi. Nimesoma mengi, lakini chai nimeinywa kama ng'ombe anywavyo maji mtoni. Aibu! Hayo yatakoma kabla ya Jumamosi. Siku hiyo wanakuja watu wa Ken, kijana anayetaka kumwoa Everlyn, kitindamimba wetu. Baba yake Ken ni Kinyanjui, mwenye ng'ombe sita na ulimi mrefu kuliko mikia yao yote. Jana nje ya kanisa alinitania mbele ya watu kwamba sisi wa magharibi chai kwetu ni ya kushushia viazi vitamu tu. Nilicheka. Atajuta.

Everlyn ameniomba Jumamosi nikae nitulie. Ana miaka thelathini na minne, na Ken ameapa hafungi ndoa bila baraka ya babu yake. Nimemwambia aniachie mimi. Akafumba macho.

Jumatano, 6 Agosti.
Westlands, darasa la kuonja chai. Tikiti alipewa Everlyn ofisini. Nimeiazima bila kumsumbua kwa kumwomba. Mwalimu ni kijana aitwaye Quincy. Kumbe maziwa ni blanketi la kufunikia majani mabaya! Kumbe kuna chai ya zambarau, huku huku Kenya, na mimi nimezeeka bila kuijua! Mwonjaji hanywi. Anafyonza kwa kelele, anaizungusha mdomoni, kisha anaitema kwenye kopo. Yangu ilitua kwenye kiatu cha mama mmoja wa Lavington. Quincy alisema kufyonza ninajua sana. Nimerudi na pakiti.

Alhamisi, 7 Agosti.
Nimemtangazia mke wangu Selpher kwamba wageni watapewa chai ya zambarau, bila maziwa, bila sukari. Aliuliza nani amekufa. Strungi, yaani chai kavu, alisema, ni ya matanga, au ya nyumba ambayo ng'ombe wamekataa. Nimeyapuuza. Maziwa aliyonunua nimeyapeleka kwa jirani yetu Nanyama ayahifadhi kwenye friji.

Nanyama ana watoto watano. Sikulifikiria hilo.

Ijumaa, 8 Agosti.
Maziwa yamenywewa yote. Hakuna kurudi nyuma! Vikombe vidogo vya kuonjea sina. Nimeazima vya Meza ya Bwana. Mzee wa kanisa anaamini kuna mgonjwa nyumbani.

Jumamosi, 9 Agosti.
Walifika saa tano, watu tisa, wakiongozwa na babu Wainaina, miaka tisini na mmoja, fimbo mkononi, kimya kama mlango. Niliwamiminia mwenyewe. Kinyanjui aliinua kile kikombe mbele ya dirisha akauliza kama hiyo ni chai ama ni komunio. Mkewe, Wanjira, aliuliza kwa upole kama tumefiwa, maana hawakuambiwa. Kisha Kinyanjui: mzee Zadock, kama shida ni maziwa si ungesema tu, mimi nina ng'ombe sita! Hakuna aliyecheka. Shangazi mmoja alishaanza kuvaa koti. Everlyn aliangalia viatu vyake.

Niliona dawa ni kuwaonyesha. Nilisimama, nikafyonza. Sauti ilisikika hadi barabarani, nadhani. Nikazungusha. Nikageuka kutafuta kopo. Hakuna kopo! Selpher alikuwa amelitoa. Mashavu yamejaa, macho yananitoka, wakwe tisa wananitazama. Nikakimbilia mlangoni. Sikufika. Nyingine ilimwagikia kizingiti, nyingine kifua changu.

Nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Babu Wainaina alikuwa amesimama. Alisema “Thaai,” yaani amani, akajitemea mate kifuani taratibu kama wazee wa Kikuyu wanavyobariki, kisha akasema kwamba tangu wazee wa baba yake hajaona mzazi akiwabariki watoto hivyo, kwa kinywa kilichojaa, mlangoni pa nyumba yake. Siku hizi ni maikrofoni tu! Akawaamuru wote waitikie. Wakaitikia, thaai, hata Kinyanjui. Shangazi akavua koti.

Hapo Selpher akatoka jikoni na chupa mbili za chai ya maziwa na tangawizi. Hakuwa ameniamini tangu Alhamisi. Nilikunywa vikombe vinne. Bila kutema.

Everlyn alinishika mkono, akalia, akacheka. Asante Mungu. Asante Mungu!

Jumapili, 10 Agosti.
Harusi ni Desemba. Nimelala kama mtoto. Everlyn amenieleza polepole, kama anayemfundisha mtu kutumia simu, kwamba babu alidhani ninabariki. Sikubaliani. Mtu wa miaka tisini na mmoja hainuki kwa sababu ya mate. Yule ni mjuzi wa chai, aliitambua ya zambarau kwa harufu. Nimemwandikia Quincy aniwekee majani ya wageni mia nne na makopo ya kutosha. Selpher bado hajui.

Jioni ndugu yangu Bramwel alipiga simu kutoka Maragoli. Anasema nyumba yangu ipo, ng'ombe amezaa, uzee ni wa kupumzikia nyumbani. Sauti yake imekuwa kama ya baba yetu. Nikamwambia ukweli: huku kuna watu mia nne, na hakuna hata mmoja anayejua kutema. Sitarudi.