Malalamiko Dhidi ya Kelele Zilizomtuliza Mjukuu Wangu

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Masikio unayo, lakini naona kazi yake ni kubebea miwani tu. Wiki tatu sasa karakana ya mageti iliyopakana na chumba changu inapasuka kwa kelele kila siku saa kumi jioni, nawe unapita pale mlangoni na mkoba wako kwapani kama mtu anayepita makaburini. Aibu! Mimi nimeishia darasa la tatu, lakini mwandiko ninao, na leo utausoma wote.

Ili usije ukanichanganyia maneno kwenye mkutano wa Jumamosi, malalamiko nimeyapanga kwa namba.

1. Wale mafundi watano wa mageti, wakishazima mashine za kuchomelea, huwasha magitaa. Wanauita muziki wa roki. Kioo cha dirisha langu kinatetemeka, na sindano zinatembea zenyewe mezani, zinatafuta pa kukimbilia. Mwimbaji wao analia kama mtu aliyefungiwa chooni. Nilipouliza anaumwa nini, nikajibiwa, "Mapenzi, bibi." Mapenzi ya namna hiyo ni ya kupelekwa hospitali.

2. Kazi yangu ni kushona sare za shule, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mguu huu umenitii miaka arobaini. Sasa unamtii mpiga dramu. Akikimbia, nakimbia. Jumanne alikwenda mbio, nami nikashona kaptura sita mfululizo, zote nimeziba pa kupitishia miguu. Mwalimu mkuu amezirudisha, anauliza kama ni mifuko ya kuwekea chaki.

3. Nilikwenda kuwatukana. Matusi nilikuwa nimeyaandaa tangu asubuhi, mazuri, ya kutunga mwenyewe. Kabla sijafungua mdomo, mkubwa wao, yule mwenye nywele zilizosimama kama kashika waya wa umeme, akainama akasema shikamoo. Nikaitikia marahaba. Sasa niambie, Mwenyekiti, mtu uliyekwisha kumwitikia marahaba unamtukanaje? Na wale wengine wakaniamkia mmoja mmoja, kisha wakaniletea kiti. Huo ni ujanja, na ninaomba upigwe marufuku. Nilirudi na matusi yangu yote, yamenikaa kifuani mpaka leo.

4. Hili ndilo kubwa, kaa chini kwanza. Ninaishi na mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, ana miaka minane. Ni somo wangu, jina langu ndilo lake. Daktari alimpima akasema masikio ya mtoto huyu ni mazima kabisa, ila hayana mlango. Kila sauti inaingia, tena zote kwa pamoja. Friji ikinguruma, analia. Kijiko kikigonga sahani, anajificha chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Kengele ya shule ikipigwa, anatapika. Hata lebo ya nguo inamchoma shingoni. Kwa hiyo kwangu tunakula kwa vijiko vya mbao, bomba nimelifunga kitambaa ili tone lidondoke bila sauti, na magauni yake nayashona mshono ukiwa nje ili ndani pawe laini. Wateja wanacheka, wanasema bibi kamgeuzia mtoto nguo. Wacheke.

Siku ya kwanza ya magitaa nilikimbia na pamba na mto nikamzibe. Chini ya meza hayupo. Nikamkuta nje ameegemea ukuta wa karakana, mgongo mzima, viganja kavibandika ukutani, katulia tuli. Sijapata kumwona hivyo. Ndiyo maana nasema amedhurika, na dalili ninazo: tangu siku ile, magitaa yakilia anamaliza sahani, anakubali kuchanwa nywele, wala haning'ati, juzi alicheka peke yake. Mtoto aliyelia miaka minane haachi hivi hivi tu. Lazima kuna kitu kimekatika ndani.

5. Na kama hakijakatika, basi ni vibaya zaidi. Kwa sababu miaka minane yote nimemtuliza mimi, kwa mikono hii na kwa mgongo huu. Leo watu wenye masizi mpaka kwenye nyusi, wasiojua hata lebo inafumuliwaje, wamemtuliza kwa jioni moja, tena bila kukusudia! Huo ni wizi. Nimeporwa mjukuu mchana kweupe, kupitia ukutani.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Dramu zivishwe magodoro, nitayashona mwenyewe. Mwimbaji aimbe na kitambaa mdomoni. Lile gitaa linalonguruma kuliko mengine lipelekwe kituoni likaandikishe maelezo. Na Jumamosi mkutano upitishe karakana ipigwe kufuli. Nimekusanya sahihi kumi na nne. Tatu ni zangu.

Hapo nanyanyua kalamu, mkono umechoka. Nisalimie mkeo, mwambie gauni lake liko tayari na kiunoni nimeongeza bila kuulizwa. Msalimie mama mkwe wako na goti lake, na watoto, na karani wako akiamka, na majirani wote isipokuwa wale watano.

Ni mimi, nisiyezoea kuomba mara mbili,
Bibi Cherehani, chumba cha mwisho, mlango wa kijani.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua kwa mkasi. Wale mafundi walisikia nakusanya sahihi, wakanyamaza kwa heshima. Leo siku ya pili hawajagusa hata waya mmoja. Heshima yao inaniua. Sasa kila kitu kinasikika humu ndani: friji, nzi, jirani akikohoa. Mtoto karudi chini ya meza na mito miwili, tangu jana hajatia kitu mdomoni. Leo katoa mkono, kanishika kidole gumba, kaniuliza, "Bibi, mbona wameubomoa ukuta?" Nikamwambia ukuta si ule pale, mama, tazama. Akasema si huo. Ule wa magitaa. Ule ukisimama, visauti vile vidogo vyote vinabaki nje.

Mwenyekiti, miaka minane nilikuwa naziba matundu. Sikujua mtoto anataka ukuta.

Jumamosi mbali. Usiitishe mkutano wowote, hizo sahihi nitazifuta mwenyewe nyumba kwa nyumba. Wewe vaa viatu, nenda karakana sasa hivi, uwaambie saa kumi ikigonga waanze, wapige kwa nguvu zao zote. Barua iache hapo hapo mezani. Nenda.