Stanislas na Nyota za Bruxelles

"Katika hii cité Albert yote, miye peke nimetembea Bruxelles bila kuuliza njia!"

Ndivyo Stanislas, aliyebandikwa jina la Monsieur Expo kwa maonyesho ya dunia ya Bruxelles aliyodai kuyaona, alivyojipiga kifua Jumapili moja ya Agosti 1958, barazani kwa Chomba fundi cherehani, kwenye mtaa huo wa watu weusi. Alipaza sauti makusudi imfikie Papa Musonda, mzee wa reli aliyekaa na kikombe na kibuyu cha munkoyo, kinywaji cha mahindi. Siku hiyo mzee angejibu posa ya Stanislas kwa binti yake Albertine, naye mzee alishaapa hamwozi kwa mwanaume asiyeona dunia.

Mwalimu Rigobert, aliyeketi kando yao, akafungua gazeti. "Musikie. Kule Ulaya beko na nyota ya kaskazini, haitembeake hata kidogo. Sisi huku hatuwezi kuiona."

Chomba akatema pini. "Hata nyota banaifungia mu ville ya Bazungu! Inakosa laissez-passer, karatasi ya ruhusa, ya kuingia cité?"

"Hapana," Rigobert akasema. "Dunia iko mviringo sawa hii kibuyu. Inzi akikaa huku chini, tumbo ya kibuyu inamufichia ya juu."

"Basi leo Bazungu beko innocents, habana kosa!" akasema Chomba.

"Mara ya kwanza!" Rigobert akaitikia.

Stanislas hakuvumilia Ulaya yake kuelezwa na mwingine. "Miye niliiona! Mwezi wa ine na wa tano, kila magaribi. Yenyewe huku, na Croix du Sud yetu, zile nyota za musalaba za kusini, huku, juu ya palais ya mfalme. Nilikuwa naisalimia: ndugu, na weye umekuya Expo?"

Rigobert akakunja gazeti polepole. "Croix du Sud? Mu Bruxelles?"

"Sana!"

"Inzi ya juu inaona chini ya kibuyu?"

"Nilikuwa juu ya nyumba, étage ya kumi!"

"Hata étage mia, kibuyu inabaki kibuyu."

Chomba alicheka hadi cherehani ikashona hewa. Papa Musonda akaweka kikombe chini.

"Papa, iko wivu tu," Stanislas akajitetea. "Ile miezi, nani aliniona huku?"

Papo hapo akatoka ndani Mama Angélique, shemeji yake Chomba, aliyeshuka treni ya Sakania asubuhi na kifurushi cha karanga.

"Eh, Stani! Ulikimbia mbele ya kuvuna!"

"Munamujua, mama?" akauliza Papa Musonda.

"Nitamukosa kumujua namna gani? Mwezi wa ine na wa tano alichunga mahindi yangu kule Sakania, nguruwe ya pori isikule."

Mzee akamtazama Stanislas kuanzia viatu hadi kofia.

"Na Croix du Sud, kule Sakania iko inaonekana?"

"Muzuri kabisa, papa! Huyu alikuwa analala inje."